Ngao wa Kasri la Majivu

Ijulikane kwa walio hai na watakaozaliwa kwamba Jumamosi hiyo, baada ya zamu ya kufua, Jemadari Mkuu, Bwana wa Joka na Mlinzi wa Kasri la Majivu, alifungua rasmi milango ya himaya yake. Himaya yenyewe ilikuwa ubavu wa boksi la sabuni, uliochorwa kwa kalamu ya wino na kutandazwa juu ya kitanda cha chini bwenini. Joka lilikuwa kizibo cha chupa.

"Chagueni wahusika," Jemadari alitangaza. "Na kila mmoja ataje ujuzi wake."

Redio, ambaye mdomo wake haukuwa na swichi, alijitwalia Shujaa, ujuzi wa upanga. Kobe akachukua Mchawi, ujuzi wa moto. Mgeni, aliyehamia shuleni wiki ile na hakuwa amesemeshwa na mtu ila kuulizwa kama ana sukari, alinyoosha kidole.

"Naomba Mwizi. Ujuzi wa kunyata."

"Mwizi hata Kobe anaweza, mdogo wangu," Jemadari alisema. "Wewe nakuona una kifua cha Ngao. Ngao hupokea majeraha yote ya wenzake. Bila yeye wanakufa."

"Wenzake," Mgeni alirudia, kana kwamba neno lina asali. Akakubali.

Desturi ya chumba aliambiwa baadaye: jeraha la mchezoni hulipwa kwa maji, ndoo moja kutoka bombani uani hadi ghorofa ya juu. Ambalo hakuambiwa ni kwamba Jemadari alikuwa amelitoboa dadu la joka na kulishindilia kichwa cha msumari, ili kila likirushwa litue kwenye sita, yaani jeraha.

Sita. Sita tena.

"Shujaa kajeruhiwa! Ngao, ndoo!"

Redio alioga. Kobe akaosha viatu. Mgeni alipanda ngazi akihema, viganja vimechubuka, na kila alipotua ndoo aliuliza, "Bado wako hai?"

"Kwa nguvu zako, kaka," Jemadari alijibu, akijiuma shavu asicheke.

Kicheko kilimkauka iliposikika ndoo ikibingirika ngazini, kisha kimya.

Mwalimu wa bweni alimwingiza Mgeni, mkono umepinda pasipo na kiungo. "Nani alimtuma huyu?"

"Hakuna, mwalimu," Mgeni alisema, midomo imempauka. "Mimi ni Ngao."

Jemadari akatazama dari. Angenyamaza tu, yangepita. Ngao alikuwa kazini. Lakini mwalimu aliokota dadu, akalirusha juu ya boksi. Sita. Akarusha tena. Sita. Akamkazia macho Jemadari.

"Ni mimi, mwalimu. Nililitia msumari."

Mgeni alimgeukia. Hapo ndipo machozi yalipomtoka.

"Kwa hiyo hawakuwa wanakufa?"

"Hawakuwa."

"Sikumwokoa mtu?"

"Hapana, mdogo wangu," Jemadari alisema. "Ulikuwa unatuchotea maji."