Maiki Ndani ya Tumbo la Gitaa

Kiongozi wetu wa bendi alinipa neno moja tu: "Jumapili mchana gitaa lako likipiga mluzi tena, litie kwenye mfuko wake uende nalo nyumbani. Usirudi." Na huyo mtu hajui utani.

Basi tangu hapo sikutulia. Nikikaa, mguu unacheza. Nikilala, vidole vinatafuta nyuzi kwenye shuka. Mke wangu akasema, "Jamani, mwenzangu umemwagiwa upupu?" Nimehangaika weee kuingia bendi ya maana, nimeingia juzi, leo nitolewe kwa ajili ya mluzi!

Shida yenyewe ni hii. Ukiweka maiki mbele ya gitaa, unapata sauti tamu ya mbao hasa, lakini ongeza kidogo tu, spika zinalia kama birika. Pikapu, ule ukanda mwembamba unaolala chini ya daraja la nyuzi, haipigi mluzi, ila gitaa linageuka kopo la plastiki. Shemeji yangu, fundi redio, akasema tuweke vyote viwili ndani: pikapu ibebe mzigo, maiki itie chumvi.

Jumapili asubuhi nikamkuta kibandani kwake ameshafunga kila kitu. Nikajaribu pikapu peke yake: sawa. Maiki peke yake: sawa. Vyote pamoja: besi hakuna! Uzi mnene unalia kama mbu.

"Umeniua!" nikapiga kelele. "Shemeji, umeniua mchana kweupe!"

"Tulia wewe, kelele zako haziongezi besi." Akachungulia ndani ya gitaa, akacheka. "Nimezigeuza nyaya mbili za pikapu. Maiki inasukuma, pikapu inavuta. Sauti zinafutana."

Akalehemu upya, mimi nazunguka kibanda mpaka akanitishia kwa koleo. Nikapiga tena. Lo! Besi ikanigonga kifuani. Nikamkumbatia na moshi wake wote.

"Ila sikia," akasema. "Maiki hii iko karibu na tundu, inanasa kila kitu. Wewe una tabia ya kujisemea ukipiga. Leo funga mdomo."

"Nimefunga," nikasema. Sikio la kufa halisikii dawa.

Ukumbi ulijaa. Wimbo wa kwanza, wa pili, hakuna mluzi, gitaa linaimba lenyewe. Wa tatu naanza peke yangu, halafu kiongozi anaingia na kinanda. Akaingia, na kama kawaida yake, akaanza kukimbia, vidole vinautangulia wimbo. Hapo nikasikia sauti ya mtu kwenye spika, kubwa, ya wasiwasi: "Usikosee, usikosee. Ukikosea leo umekwisha, mkeo utamtazama kwa uso gani? Haya, Saa Mbovu huyo, ameshaanza kukimbia..."

Alikuwa ni mimi. Na Saa Mbovu ndilo jina tunalomwita kiongozi akiwa hayupo.

Mpiga ngoma akajificha nyuma ya matoazi yake, mabega yanatikisika. Watu wakaangua kicheko. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Vidole viliendelea vyenyewe, mimi sikuwepo. Kiongozi hakugeuka kunitazama. Ila alipunguza mwendo, na wimbo ukakaa sawa mpaka mwisho.

Onyesho lilipokwisha nikaenda nyuma ya jukwaa, nikaanza kulitia gitaa kwenye mfuko bila kusubiri kuambiwa. Akaja, akasimama mbele yangu.

"Saa Mbovu ni nani?"

Ningedanganya vipi, ukumbi mzima ni shahidi? "Ni wewe, mzee."

"Mnaniita hivyo tangu lini?"

"Mimi tangu nilipoingia. Jina nimelikuta."

Akavua miwani, akaipangusa kwa shati, taratibu. "Na hiyo hofu?"

"Nayo tangu nilipoingia."

Nikaona aibu, tena nikaona na yake, na sikujua nitazame wapi.

"Kuna mluzi wowote umesikika leo?" akauliza.

"Hapana, mzee."

"Sasa unafunga mfuko wa nini?" Akavaa miwani. "Kesho mazoezini ukae upande wangu. Nikikimbia, niambie."

Akapiga hatua mbili, akarudi.

"Kwa mdomo. Siyo kwa spika."

Akaondoka mbio mbio, kama kawaida yake.