Kiti cha Dirishani

Mdogo wangu aliporudi kutoka hospitali ya magonjwa ya akili, mtaa mzima ulimpokea kwa tabasamu, kisha ukavuka barabara. Zamani aliitwa Fundi. Sasa hana jina, anaitwa Yule. "Yule karudi." "Yule kanisalimia, nikaitika kwa mbali." Utadhani hospitali humpokonya mtu jina mlangoni pamoja na mkanda wa suruali.

Saluni ni yangu, niliachiwa na baba. Ni chumba kimoja chenye viti viwili vya kunyolea. Kimoja kiko ndani, chini ya taa, na hapo hufanya kazi kinyozi tunayemwita Kasi. Cha pili kiko dirishani, ni cha mdogo wangu. Baba alikikaza pale kwa skrubu kwa sababu hakuwa na imani na taa. Ndevu, alisema, hunyolewa kwa mwanga wa mchana, uone kila unywele umelala upande gani. Mdogo wangu kairithi imani hiyo kama dini. Wingu likipita, huweka wembe chini akasubiri.

Daktari alisema anaweza kurudi kazini. Dawa anameza, kliniki anakwenda. Nilifurahi kama mjinga, nikasugua kioo cha dirisha hadi kikang'aa. Wateja wakaja, wakakaa kwenye benchi, wakamsubiri Kasi.

Sasa nikwambie Kasi ni mtu wa namna gani. Hunyoa huku ana waya masikioni, akigombana na mchumba wake kwenye simu. Hucheka peke yake. Kisha huitukana redio kwa sababu mshambuliaji kakosa bao, na muda wote huo wembe uko hewani. Mwenyekiti wa mtaa ana kovu sikioni, kazi ya Kasi. Mwalimu mkuu ana lake shingoni, wembe uleule. Akishakata, Kasi husema, "Samahani mzee, ulitikisika." Na wazee wazima hukubali kwamba kweli walitikisika. Kasi hana kadi ya kliniki, kwa hiyo ni mzima.

Mdogo wangu alibaki kukunja taulo na kunoa wembe usio na kazi. Alipomkaribisha mteja mmoja kitini, bwana yule alijibu, "Leo nimekuja kusoma gazeti tu, ndugu yangu." Gazeti lenyewe kalishika kichwa chini miguu juu.

Wiki haikuisha Mwenyekiti akanijia, kavaa sauti yake ya msibani.

"Dada yangu, sisi hapa hatuna ubaguzi. Yule tunampenda sana."

"Ana jina."

"Ndiyo, na jina lake tunalipenda. Ila ule wembe, dada. Watu wanaogopa. Tumekaa, tumeonelea kiti chake kihamie stoo, kwa usalama. Au afagie nywele. Kufagia kunatuliza akili."

"Na kama hahami?"

"Mwisho Jumamosi. Baada ya hapo, kila mtu atajua pa kupeleka kichwa chake."

Stoo haina dirisha. Kumtia mdogo wangu mle ni kumpokonya kazi kwa lugha ya adabu. Naye alikuwa amesimama palepale, anasikia kila neno, maana watu humsema mgonjwa wa akili mbele yake kana kwamba kilichougua ni masikio.

Jioni aliniambia, "Dada, toa hizo skrubu. Nitafagia. Usije ukapoteza saluni ya baba kwa ajili yangu."

Alisema kwa upole, ndiyo maana iliniuma. Nilikuwa tayari kulia, nikaamua kukasirika, kwani hasira haichafui wanja.

Jumamosi asubuhi nilikuwa natafuta bisibisi kwenye droo, nimenuna, alipoingia mgeni mwenye ndevu nyingi na shati jipya. Akajitambulisha: shemeji yake Mwenyekiti, kafika jana, na mchana anakwenda kuonana na wakwe watarajiwa. Huko kwa Mwenyekiti walikuwa wamemwonya kwamba saluni hii ina mwendawazimu, ajihadhari. Bahati mbaya hawakumwambia ni yupi.

Akasimama mlangoni akiwatazama. Mdogo wangu alikuwa anakunja taulo. Kasi alikuwa anacheka na ukuta, kisha ghafla akakinyooshea kioo wembe na kufoka, "Mwongo mkubwa wewe!"

Shemeji akaninong'oneza, "Maskini! Na alivyo kijana! Yuko hivyo siku zote?"

"Siku zote," nikasema, na sikusema uongo.

Akapita mbali na Kasi, akajitupa kwenye kiti cha dirishani. Mdogo wangu akanitazama. Mimi nikaitazama droo. Akamfunga taulo, akampaka povu, akamgeuza uso taratibu kwenye mwanga. Shavu la kwanza lilipotoka safi, mteja alikuwa amefumba macho kama mtoto aliyeshiba.

Hapo ndipo Mwenyekiti alipoingia kukagua kama kiti kimeng'olewa.

"Shemeji! Toka hapo! Huyo ndiye Yule!"

Shemeji akaruka na taulo lake, ndevu nusu, povu nusu. "Huyu? Na yule anayefoka?"

"Huyo ni Kasi, mzima kabisa!"

Kasi, mzima kabisa, akamvuta kwenye kiti chake bila kutoa waya masikioni. "Nakwambia sikuwa naye!" akapaza sauti, akimwambia mchumba. Wembe ukaitikia, sikio la shemeji likatoa damu.

"Samahani mzee, ulitikisika."

Muuza mkaa wa jirani alichungulia, akaona damu, hakuhitaji kuona zaidi. "Yule kamkata mtu!" Kufumba na kufumbua, mtaa ukajaa mlangoni. Mwenyekiti, ambaye alikuwa ameshuhudia kwa macho yake mawili nani kakata nani, akasimama kizingitini. "Si nilisema? Si nilisema mimi?"

Shemeji akatoka na pamba sikioni. "Jamani, si yeye! Ni huyu wa waya! Yule wa dirishani hakunigusa vibaya hata kidogo!"

Watu wakamtazama. Ndevu upande mmoja, taulo shingoni, povu linadondokea shati jipya, na mikono anarusha.

"Maskini," muuza mkaa akasema, "kashaambukizwa."

Wakarudi nyuma. "Wamuwahishe hospitali," mwingine akashauri, kwa huruma nyingi. Kila alivyozidi kueleza, walizidi kutikisa vichwa, na Mwenyekiti, shemeji yake mwenyewe, akawa anaangalia viatu. Nikaona uso wa yule bwana unabadilika. Alikuwa kavaa viatu vya mdogo wangu kwa muda usiotosha kuchemsha chai, na tayari vilishamtoa malengelenge.

Akarudi ndani. Mdogo wangu alikuwa ameshavua koti lake la kazi, kashika ufagio.

"Fundi," shemeji akasema, "nimalizie."

Sijui kama alijua amesema nini. Mimi nilijua, na safari hii wanja ulichafuka.

Mdogo wangu akaweka ufagio ukutani. "Dawa hunitetemesha mkono mara mojamoja. Mkono ukianza, nitaweka wembe chini nisubiri utulie. Uko tayari?"

"Yule mwingine hakuniuliza kitu."

Akamaliza shavu la pili mbele ya kioo kilichojaa pua za watu kwa nje. Mkono ulitetemeka mara moja. Akauweka wembe chini, akasubiri, akaendelea. Bisibisi niliirudisha kwenye droo. Kasi nilimvua waya, na siku hiyohiyo akagundua kwamba wateja nao wana masikio.

Msidhani mtaa uliomba radhi. Muuza mkaa mpaka leo anasimulia jinsi Yule alivyochinja mtu.

Lakini Jumatatu, kabla hatujafungua, mlango wa nyuma uligongwa. Mwenyekiti, kofia imeshushwa mpaka kwenye nyusi. Siku hiyo alikuwa na hotuba ya kusoma mbele ya wakubwa.

"Dada, yupo?"

"Kasi bado hajafika."

"Sikumaanisha Kasi." Akakohoa. "Namtaka... Fundi."

Akaenda mwenyewe hadi kwenye kiti cha dirishani, na kabla hajakaa akavuta pazia, likaziba mwanga wote. "Watu wasije wakaelewa vibaya," akasema.

Mdogo wangu hakubisha. Akampaka povu, tena la kutosha, kidevu, mashavu, mpaka chini ya lile sikio lenye kovu. Akakunjua wembe. Kisha akaulaza mezani, akaenda dirishani.

"Mwenyekiti, mimi sinyoi gizani."

Akalifungua pazia lote, mpaka mwisho wa fimbo. Nje muuza mkaa alikuwa anashusha gunia, na wenye kuwahi kazi walikuwa wanapita. Mmoja akasimama, kisha wa pili. Mwenyekiti akang'ang'ania mikono ya kiti, jicho moja mlangoni, uso mzima mweupe kwa povu.

Mdogo wangu akachukua wembe, akamgeuza kidevu taratibu kuelekea kwenye mwanga.

"Tulia, mzee," akamwambia. "Usitikisike."