Miaka Sita ya Kujiangusha

Shunpei alikuwa ameshamshika kifundo cha mkono, na mlango uko nyuma ya Shunpei. Hapo ndipo Kanae alipojua amenasa.

Ukumbi wa mazoezi ya kujihami ulikuwa mtupu. Wenzao walishafuta mikeka wakaenda zao, na mwalimu, mzee Otsubo, baba yake Shunpei, alikuwa kitandani mwezi wa pili sasa, mgongo unamsumbua. Treni ya Osaka inaondoka saa kumi na nusu. Ikimwacha, ile kazi aliyoahidiwa huko anapewa mwingine, na yeye anabaki hapahapa Tanabe kupanga matunda ya plamu yaliyotiwa chumvi kwenye ndoo mpaka azeeke.

"Niachie, kaka Shunpei."

"Nikuachie uende wapi? Mzee ameshawaambia watu wewe ni mkwe wake. Unataka kumwaibisha mgonjwa?"

"Mimi kuna mtu aliniuliza?"

"Wewe nawe! Osaka unamjua nani? Siku mbili tu, unarudi unalia."

Akakaza. Maumivu yakapanda mpaka begani. Na Kanae, we acha tu, akafanya ujinga wa mwaka: kwa mkono uliobaki akapiga ukuta, pa, pa. Mazoezini ukipiga mara mbili mwenzako anakuachia hapohapo, awe nani sijui. Miaka sita anapiga, miaka sita anaachiwa. Mwili ulishazoea.

Shunpei akacheka. "Unapiga ukuta? Leo si mazoezi, bibie."

Kanae akavuta. Kosa lilelile analokatazwa hata mtoto wa siku ya kwanza! Aliyekushika usishindane naye kuvuta. Mfuate, ingia, geuka. Lakini kuingia ni kumsogelea, kifua kwa kifua, na huyu ndiye anayemkimbia.

Shunpei akaukunja mkono kwa ile staili yake, ile ambayo ukumbi mzima ukikunjwa unaruka na kubiringika. "Haya, kaa chini tuongee."

Kanae hakuanguka. Wala si makusudi, hofu ilimgandisha miguu tu. Akasubiri mfupa ulie. Haukulia. Ule mkunjo haukuwa na kitu ndani.

Shunpei akajaribu tena, jasho linamtoka, na wote wawili wakaelewa kwa pamoja. Watu walikuwa wanajiangusha. Mtoto wa mwalimu bwana, nani angethubutu kubaki amesimama? Kanae mwenyewe kajiangusha mara ngapi, tena kwa madoido.

"Anguka basi," Shunpei akasema, sauti imekuwa ndogo. "Kanae. Anguka."

Kanae akaingia. Hatua moja, bega kwa bega, akageuka kulekule alikokuwa anavutwa. Shunpei akapitiliza kama mtu anayeshuka ngazi halafu moja haipo, akatua kwa magoti. Vidole vikaachia.

Kanae akatoka mbio pekupeku, viatu kavibeba. Shingo ilikataa kugeuka. Treni aliikuta inataka kufunga milango, akajirusha ndani, akasimama palepale mlangoni. Viti vilikuwa tele. Stesheni tatu zilipita ndipo akakaa.