Bakuli la Matunda Matatu

Picha iliingia kwenye simu ya Wangui asubuhi, akiwa anamenya viazi jikoni kwake Kitale. Ilitoka kwa binti yake Sally, anayefanya kazi katika jumba moja la makumbusho Nairobi. Kulikuwa na maonyesho ya vyombo vya kauri kutoka China, na Sally alikuwa amepiga picha bakuli jeupe lililochorwa matunda matatu: pichi, komamanga, na jingine la manjano lenye vidole kama mkono. Aliuliza kama hilo si bakuli la Cucu, nyanya yake.

Wangui alifuta mikono, akaketi. Lilikuwa lile lile, kama pacha. Utotoni huko Kachibora, yeye na kaka yake Kang'ethe walibishana miaka na miaka juu ya tunda la vidole. Kang'ethe alishikilia kwamba ni tangawizi. Mama yao, Gladwell, aliwaacha wabishane. Alikuwa mpishi wa bibi mmoja wa kizungu ambaye baba yake aliwahi kuishi China. Bibi huyo alipofunga virago kurudi kwao, alimwambia achague kitu kimoja ndani ya nyumba. Wenzake walidhani atabeba cherehani. Akabeba bakuli, kwa sababu zile pichi zilifanana na za mti uliokuwa nyuma ya jikoni.

Sally alipopiga simu, alieleza kwamba mabakuli ya aina hiyo yalichomwa katika tanuri za mfalme, kwa meza yake tu, na yamebaki machache mno duniani. Pichi ni maisha marefu, komamanga ni watoto wengi, na lile la vidole, ambalo ni jamii ya ndimu, ni baraka.

"Liko wapi, Mama?"

Wangui alijua. Lilikuwa Lugulu, kwa Nelima, aliyekuwa akifua nguo katika nyumba ile ile ya mzungu. Mwaka wa tisini na mbili, nyumba zilipochomwa katika mapigano ya kikabila, Gladwell na watoto walikimbilia kwake, wakakaa miezi minane. Siku ya kuondoka, Gladwell aliliacha bakuli mezani. Wangui alidhani ni shukrani. Tangu siku hiyo mama yake hakurudi Lugulu. Kila alipoalikwa alisema mahindi hayajavunwa, mpaka akafariki.

Jumamosi Wangui alisafiri. Nelima alikuwa anakaribia miaka tisini na macho yamefifia, lakini alimtambua kwa sauti. Alimshika mikono, akauliza habari za kila mtu, wakamlilia Gladwell kidogo. Ndipo Wangui akamsimulia mambo ya makumbusho bila kuficha kitu, akaongeza kwamba hakuja kudai zawadi iliyokwisha kutolewa.

"Zawadi?" Nelima aliuliza. "Nani alikuambia?"

Alimtuma mwanawe Wakoli chini ya kitanda. Bakuli lilitoka likiwa limeviringishwa katika sweta kuukuu, bila ufa wala mkwaruzo. Miaka thelathini na zaidi, Nelima hakuwahi kutia humo hata chumvi.

"Mama yako alisema, 'Nishikie hii. Siku nitaweza kulala kwangu bila viatu, nitakuja kuichukua.' Mimi nikangoja."

Wangui aliviona tena viatu vya raba vya mama yake, alivyolala navyo hata baada ya nyumba kujengwa upya. Wao watoto walimcheka, wakidhani ni baridi, kumbe alikuwa tayari kukimbia.

"Alivivua," alisema. "Alipohamia kwangu Kitale. Lakini miguu ilikuwa imekwisha, hangeweza kusafiri."

Nelima alipapasa ukingo wa bakuli polepole. "Basi alilala," alisema. "Hiyo ndiyo nilitaka kusikia."

Alitaka Wangui aondoke nalo siku hiyo hiyo. Wangui akakataa, akamwomba alilete mwenyewe, akae naye kama wao walivyokaa kwake.

Agosti, Wakoli alimleta mamake Kitale, bakuli mapajani. Walimpeleka kwanza kaburini kwa Gladwell, na huko alizungumza Kibukusu kwa muda mrefu bila kutafsiri. Sally alifika kutoka Nairobi na kamera na glavu nyeupe, akawakuta wanawake wawili mezani, ndizi mbivu zikiwa zimejaa ndani ya chombo cha mfalme. Walimwambia avute kiti, angoje wamalize kula.