Mguu wa Kukanyagia Cherehani

Jamani, kazi yangu mimi ni kutengeneza miguu. Usicheke. Mtu akikatwa mguu, karakana yetu humtengenezea mwingine, na siku hizi hatutumii tena plastiki ya kuagizwa, tunatumia katani. Zile nyuzi fupi ambazo kiwanda cha kamba kilikuwa kinazichoma moto, tunaziosha kwa magadi, tunazianika, tunazifuma ziwe kitambaa, halafu tunakizungushia kwenye umbo la plasta lenye vipimo vya mgonjwa na kukipaka gundi. Ikishakauka, mguu ni mwepesi na mgumu, na ukichakaa, katani nyingine imeshaota shambani. Naijua kazi hiyo kweli kweli. Ndiyo maana ilipofika zamu ya nyumbani kwangu niliumia sana kukosea.

Mke wangu ni mshonaji. Kisukari kilimchukua mguu wa kulia, chini ya goti. Alipotoka hospitali hakulia hata kidogo, na hilo ndilo lililonitia hofu. Alikaa kitandani akiangalia ukuta, na cherehani yake, ile ya kukanyaga, imefunikwa shuka pale pembeni. Siku moja akamwambia mdogo wake mbele yangu, "Njoo Jumamosi uichukue. Mimi na hiyo mashine tumemalizana."

Nilishikwa na hasira, nikatoka nje nisije nikaropoka. Mwanamke niliyemuoa ni mkali, mcheshi, anagombana na kitambaa kama anagombana na mtu. Cherehani ikiondoka, nitabaki na mgeni mpole wa kusema asante na samahani tu. Sikuwa tayari, potelea mbali.

Basi nikamtengenezea mguu, na wallahi niliufanya kwa moyo wote. Nikazilaza nyuzi zote wima, kutoka gotini hadi mwisho wa unyayo, tabaka juu ya tabaka, maana nilitaka umbebe asianguke. Ijumaa asubuhi nikamvisha. Akasimama! Akatembea hadi dirishani na kurudi, nami nikapiga makofi kama mwendawazimu. Kisha akaifunua cherehani, akaketi, akaweka mguu kwenye pedali.

Mguu ukagoma. Kifundo hakikunjiki, unyayo umekakamaa kama ubao, unateleza, gurudumu linarudi nyuma na uzi unakatika. Akajaribu tena, na tena. Mwishowe akafunika uso kwa mikono, na machozi yote aliyoyabana tangu hospitali yakamwagika.

"Nimekutengenezea mguu wa kutembelea," nikasema. "Wote wanaokuja kwetu wanataka kutembea. Sikukuuliza wewe unautakia nini."

"Ungeuliza saa ngapi? Ulikuwa umenuna."

Nikakaa sakafuni karibu naye. Akapangusa pua, akauvua ule mguu, akaugeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha huku akizifuata nyuzi kwa ukucha.

"Hizi umezilaza zote upande mmoja?"

"Ndiyo, usije ukavunjika."

"Sasa baba watoto, hapo kwenye kifundo utapindaje? Kitambaa ukikikata mshazari, kona kwa kona, kinavutika, kinafuata mwili. Sketi zangu zote za kuzunguka nazikata hivyo, na wewe upo unaangalia! Huku juu acha wima. Kifundoni na kwenye unyayo weka mshazari."

"Lakini mama, hiki si kitambaa, hiki ni..."

"Si mmekifuma wenyewe? Basi ni kitambaa. Nipeleke huko karakana, na mkasi wangu nibebee, yenu siiamini."

Nilimkumbatia mpaka akanisukuma. Mchana ule tulifanya kazi pamoja, yeye anakata katani mshazari huku akinikosoa, mimi napaka gundi huku nikitii. Tukaukausha mguu mpya kwenye joko. Nilipoubonyeza unyayo, ukapinda kidogo, ukarudi. Nampenda mwanamke huyu, jamani, mniache tu.

Jumamosi shemeji yangu akaja na mwenye mkokoteni. Nilimwona akiingia uani, kisha akasimama ghafla. Ndani cherehani ilikuwa inalia trrrr, inanyamaza, trrrr tena. Akasogea hadi mlangoni, akamwona dada yake ameinama, mguu wa katani unapanda na kushuka juu ya pedali. Akajishika kwenye fremu ya mlango, machozi yanamtiririka. Na mimi nililia, sioni aibu.

Mke wangu hakuinua kichwa mpaka alipomaliza mshono.

"Mwambie huyo wa mkokoteni aende zake," alisema. "Baba watoto, toka nje. Na wewe mdogo wangu, vua hilo gauni. Linakubana kwapani, nimeliona tangu ulipokuwa unakuja hospitali, na roho iliniuma nikijua sitalirekebisha tena."