Nyama ya Poro Mezani kwa Ezekieli

Ezekieli aliitema nyama. Hakuitemea kwenye kiganja kama mtu mwenye adabu, wala hakugeuka pembeni. Aliitema kwenye sahani, mbele ya wageni, na kile kipande cheusi kikagonga sahani kwa mlio mkavu kama kifungo cha koti kilichokatika.

"Yesu wangu," alisema mkewe Léocadie kwa sauti ya chini.

Ilikuwa Jumamosi ya Juni, mwaka 2018, na baridi ya Johannesburg ilikuwa imeingia hadi kwenye vitasa vya milango. Katika nyumba yao ya kupanga kwenye mtaa wa Observatory watu wote walikuwa wamejifunga mablanketi kuizunguka hita ya parafini, isipokuwa mposaji mwenyewe, Gaël. Yeye alikaa na shati la mikono mifupi kana kwamba yuko Uvira wakati wa jua kali.

Kwa watu wa milima ya Itombwe kule Kongo, walikotoka wazee wote waliokuwa pale, posa haifungwi kwa maneno. Mwanaume huja na ng'ombe wake na maziwa yao. Baba wa binti akiyanywa, binti ameolewa. Akiyaacha, ng'ombe hurudi kwa njia waliyojia, na neno halitajwi tena. Lakini Gaël hakuwa na ng'ombe. Alitolewa akiwa kijana kwenye kambi ya wakimbizi Burundi, akapelekwa kaskazini kabisa mwa Ufini, mahali ambapo jua hupotea majira mazima. Huko alijifunza kazi kwa mfugaji mmoja mzee aitwaye Eino, akapata uraia, na sasa alikuwa na mifugo yenye alama yake mwenyewe masikioni. Mifugo hiyo iliitwa poro: mnyama kama kulungu mkubwa mwenye pembe za matawi, yule ambaye watoto wa Afrika Kusini humjua kwenye kadi za Krismasi akivuta gari la mzee mwenye ndevu. Hakuna anayemkamua poro siku hizi. Ndiyo maana mshenga wake, Pitchou, kinyozi wa Hillbrow, alikuwa ametangaza mwanzoni kwamba leo nyama iliyokaushwa itasimama mahali pa maziwa.

Na sasa nyama ilikuwa imelala kwenye sahani, imelowa mate.

"Papa Ezekieli," Pitchou alijaribu, akicheka kidogo, "ni meno imekataa, ama ni moyo?"

"Ni pua," alisema Ezekieli. "Pua imekataa kabla ya meno."

Hakuwa anatania. Harufu ilikuwa ya moshi na ngozi iliyosahauliwa kwenye stoo yenye unyevu. Mafuta yake yalikuwa yameganda juu ya ulimi wake kama nta ya mshumaa, na alipoyasukuma kwa chai, yalihama tu kutoka ulimini kwenda kwenye ufizi. Aliwatazama wageni, akamtazama binti yake Falonne, ndiye aliyekuwa akiposwa, aliyesimama kwenye mlango wa jikoni. Falonne hakulia. Alikuwa amekishika kitambaa cha vyombo kwa mikono miwili, akimwangalia baba yake kama mtu anayengoja robot ya barabarani, ile taa, igeuke kijani.

"Onyesha tena zile picha za poro kwenye simu," Ezekieli alimwambia Gaël. "Huyu ana nini shingoni?"

"Ni kifaa, Papa. Kinatuma habari. Naona kwenye simu mnyama yuko wapi."

"Kwa hiyo mchungaji yuko kitandani, na mnyama anampigia simu: allô, boss, nimepotea."

Watu walicheka. Gaël naye akacheka, jambo lililomuudhi Ezekieli zaidi.

"Na huyu mzungu mnene anayevutwa nyuma yake?"

"Ni mtalii, Papa. Wakati wa baridi poro wengine huwavuta watalii. Malisho yamekuwa magumu, kwa hiyo watu wanatafuta njia nyingine."

Ezekieli alirudisha simu kwa ncha za vidole. Baba yake alikuwa na fahali mwekundu ambaye hata watoto hawakuruhusiwa kumgusa mgongo. Sasa huyu kijana, mjukuu wa wafugaji, anamfunga mnyama kamba ili amburute mtu aliyeshiba, apigwe picha! Ilimchukiza kama kumwona mzee wa kanisa akicheza utupu sokoni.

"Hamkamui. Hamhami na mifugo. Kwenye picha nimeona uzio, na mnawamwagia chakula cha mifuko kama kuku. Huo si ufugaji, mwanangu. Hao ni wafungwa, nawe ni askari jela."

"Wako wengi, Papa," alisema Gaël, akidhani anajitetea. "Mimi peke yangu nimefikisha—"

Pitchou alikohoa kwa nguvu hata kikombe chake kikamwagika. "Funga mdomo! Unataka wafe wote? Nani alikufundisha kutaja hesabu ya mifugo mbele ya wakwe?"

Gaël aliinamisha kichwa. "Nisameheni. Kule serikali inatuhesabia, nimezoea. Lakini hata wazee wa kule hawapendi. Ukimuuliza Eino anao wangapi, anakwambia, 'Wapo upande huu wa mti na upande ule wa mti.' Kwao ni kama kumpekua mtu mifukoni."

Hilo Ezekieli alilisikia. Hakuonyesha uso wa kulikubali, lakini alilisikia.

Ndipo Léocadie akaweka kikombe chini. Hakuwa mwanamke wa kumjibu mumewe mbele ya watu. "Baba Carmel," alianza, akimwita kwa jina la binti yao mkubwa, "Carmel alipoolewa, ng'ombe walikuja ndani ya bahasha, noti tupu. Tukaipigia vigelegele bahasha. Akatumwa mtoto kwenye kiduka cha spaza, akaleta maziwa ya boksi, ukayanywa mpaka mwisho. Ng'ombe yule alikuwa na rangi gani?"

Léocadie aliendelea:

"Pembe zake zilielekea wapi? Nikumbushe, nimesahau."

Ezekieli alihisi joto la aibu likipanda masikioni. Kweli alikunywa, na hakutapika. Bahasha ile ilimkera moyoni miaka yote, lakini hakuitema kwa sababu wote walikuwa wanafanya hivyo, na uchafu unaofanywa na wote hauna harufu.

Alimgeukia Gaël. "Nieleze mmoja," alisema kwa ukali. "Sitaki idadi. Mmoja tu, kama mwanaume anavyomweleza ng'ombe wake."

Gaël aliweka simu mfukoni. Alifumba macho kwanza, na hapo Ezekieli akaona kwa mara ya kwanza kwamba huyu kijana ana uso wa watu wa nyumbani.

"Ni jike. Mashavu meusi, kifua cheupe kama aliyemwagikiwa na unga. Pembe ya kushoto inainama juu ya jicho, kwa hiyo hukutazama kwa upande, kama mama mkwe." Pitchou aliguna kwa furaha. "Mwaka mmoja mvua ilinyesha katikati ya majira ya baridi, Papa. Zamani haikuwa hivyo. Ilinyesha juu ya theluji, ikaganda, nchi yote ikawa kioo. Chini yake kuna majani yao, yale meupe yanayoota ardhini kama sifongo. Waliyanusa na hawakuyafikia. Walipiga barafu kwa kwato mpaka kwato zikatoka damu. Yule wa mashavu meusi alikuwa anapiga, anapumzika, ananitazama kwa upande, anapiga tena."

"Mkafanya nini?"

"Tukaleta nyasi kavu kwa gari. Wakala kwa pupa. Na wengi wakafa."

"Kwa njaa?"

"Kwa kushiba. Tumbo lao halikuzijua zile nyasi. Walikufa matumbo yamejaa, wamevimba, midomo ina nyasi. Mimi nilikuwa nawavuta kwa miguu na kuwapanga. Harufu yake, Papa, sitaki kuisema mezani."

Hita ilitoa mlio mdogo. Léocadie alijifunika mdomo kwa kitenge.

"Baadaye tulijifunza. Unachanganya. Majani yao ya zamani mengi, chakula kipya konzi moja. Kesho unaongeza kidogo. Ukiharakisha umeua. Yule wa mashavu meusi alikataa kabisa, akageuza kichwa. Nikawa nampa kwa mkono, kidogo, kidogo, mpaka tumbo likafundishika. Sasa ana ndama." Gaël alisita. "Na mimi nilichukia, Papa, usidhani. Siku ya kwanza kumwona Eino akimwaga chakula cha mifuko nilitaka kukimbia. Yeye alikuwa anamwaga huku analia. Alisema baba yake angekuwa hai angemtemea mate."

Macho ya Ezekieli yalishuka yenyewe kwenye sahani.

Pitchou akaanza kutafuta kofia yake. Kisha Ezekieli akainuka. Falonne alishtuka mlangoni, lakini baba yake alikwenda tu kwenye cherehani yake iliyokuwa dirishani, akachukua mkasi mdogo wa nyuzi, akaufuta kwa upindo wa shati, akarudi kuketi. Akakiinua kile kipande alichokitema. Akakikata vipande vyembamba, vyembamba, kama mtu anayetoa mshono bila kutaka kuharibu kitambaa.

"Tuombe," alisema.

Wote waliinamisha vichwa.

"Bwana, chakula hiki sikukiomba. Umekileta wewe, kutoka mahali nisipopajua. Kibariki, na unizuie nisitapike mbele ya watoto. Amina."

"Amina," walisema, na sauti ya Falonne ilikuwa ya mwisho.

Akaweka uzi mmoja wa nyama mdomoni. Harufu ilikuwa ileile, nta ilikuwa ileile. Alitafuna. Machozi yalimtoka, shingo ikakataa, akatulia, akatafuna tena. Waliona koo lake likipanda. Kisha likashuka.

Kigelegele cha Léocadie kilipasua sebule, na Falonne akasema, "Eish, Papa," akaketi palepale sakafuni, akiwa bado na kitambaa cha vyombo.

"Inanuka," alisema Ezekieli akijifuta macho kwa blanketi. "Msinicheke. Inanuka vibaya sana."

Pitchou alikuwa tayari amesimama kumkumbatia. Ezekieli alimsukuma kando kwa kiwiko na kumsogezea Gaël sahani.

"Nipe kingine," alisema. "Kidogo. Kidogo kabisa."