Mteja wa Chumba Namba Nne

Mama Funguo alikuwa katikati ya kupiga deki pale padre aliyekuwa mkuu wa kitivo alipomwomba aliache dekio aje kukaa kitini, chumba namba nne. Chuo kile cha Wajesuiti kilisomesha maafisa ustawi wa jamii, na siku hiyo ilikuwa ya mtihani wa vitendo, ambapo kila mwanafunzi humhoji mteja wa kuigiza. Mwigizaji aliyezoea kuwa mteja huyo alikuwa ameugua. Padre alimwambia hakuna cha kukariri. Ajifanye tu mama anayelea watoto wa marehemu mdogo wake.

"Hapo hakuna cha kujifanya, Padre," alisema, akafuta mikono.

Mtahiniwa wa kwanza alikuwa binti wa miwani, mpole, fomu kifuani. Alimwamkia vizuri, kisha akauliza vyumba vingapi, vitanda vingapi, watoto wanakula mara ngapi. Mama Funguo alimjibu kwamba vyote vipo na hawana shida yoyote. Binti akaandika, akashukuru, akainuka. Nyuma ya kioo cha ukutani, alikokaa kuusimamia mtihani, padre naye alikuwa akiandika.

Hapo ndipo roho ilipomsuta Mama Funguo. Miaka kumi na minne nyuma, afisa mmoja alisimama mlangoni kwake na fomu kama ile, naye alimjibu vivyo hivyo, neno kwa neno. Afisa akaenda zake. Msaada waliostahili wale watoto wawili haukufika kamwe.

"Rudi ukae, mwanangu," alisema. "Nimekudanganya tangu mwanzo, na wewe umeandika."

Binti akamtazama, akatazama kioo. Halafu akaweka fomu na kalamu sakafuni, akakaa.

"Kwa nini umenidanganya, mama?"

"Kitanda kilikuwa kimoja. Nilijua nikisema kimoja, mtawachukua."

Mama Funguo alidhani binti ataokota kalamu. Hakuiokota.

"Nani alikuwa analala upande wa ukutani?" aliuliza.

Swali hilo hakuwahi kuulizwa na mtu. Mama Funguo akacheka, machozi yakimlengalenga. "Mdogo. Mkubwa alikuwa na mateke kama punda, kwa hiyo mimi nilikaa katikati." Akaanza kueleza, na muda wa mtihani ukapita bila yeyote kugonga kioo.

Binti alifaulu. Padre alikuja mwenyewe kumuuliza Mama Funguo kama angekubali kukaa na wale kumi na wanane waliobaki, na wa mwaka ujao pia. Alikubali, ila alitaka mambo mawili: siku hizo mtu mwingine apige deki, na yeye aruhusiwe kusema neno kabla alama hazijatolewa.

"Hata nikiwa nimeshaamua?" padre aliuliza.

"Hasa ukiwa umeshaamua."

Padre akainamisha kichwa, akatoka kumwita wa pili.

Mama Funguo akabaki peke yake. Alikivuta kiti cha mgeni kutoka ng'ambo ya meza, akakiweka ubavuni mwa chake. Akakitazama. Akakisogeza kidogo tena, huku nje nyayo zikikaribia.